Wapangaji wa Mama Mdogo

Paris, 4 Novemba 1974

Mama mdogo Glafira,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa koo linaniwasha kwa ukungu wa huku, ambao hauna hata adabu ya kuganda ukawa theluji. Ninakaa chumba cha juu kabisa, na mwenye nyumba ana mbwa anayenichukia kwa Kifaransa. Chakula napata. Kazi nimepata pia, kazi inayohusu uandishi. Nisalimie jirani yetu wa chumba cha pili, Rimma Arkadyevna, najua bado anafungia sufuria yake chumbani asije mtu akachemshia yai. Na rafiki yangu Gleb je? Mwambie nimemwandikia, hajibu.

Barua hii haiji kwa posta. Inabebwa na binti Mfaransa anayekuja kusoma Kirusi huko Leningrad, kwa hiyo humu naweza kusema kama tulivyokuwa tukisema jikoni huku bomba la maji limefunguliwa, wasiotakiwa wasisikie.

Siku ile, tulipokwisha kukaa kimya juu ya sanduku kama desturi ya safari inavyotaka, ukasema, "Haya, nenda, kabla sijabadili nia." Nikaenda. Hukuona yaliyotokea uwanja wa ndege. Afisa wa forodha aliyanyanyua mashairi yangu akayapima kwa mkono kama muuza samaki. "Makaratasi haya hayana muhuri. Yanabaki." Nikamwambia, ndugu, hayo ni mashairi tu. Akasema, "Basi ndiyo yanabaki kabisa."

Kwa hiyo nimefika huku mikono mitupu. Nimejaribu kuyakumbuka. Nakumbuka mistari ya kwanza tu, kama mzee aliyebakiwa na meno ya mbele. Lakini wewe unayo. Nilikuwa nikisoma huku unamenya viazi, na kesho yake unanirudishia shairi zima, pamoja na pale nilipokosea, ukiniambia, "Hapa mwanangu ulichoka." Sikukuachia karatasi hata moja, tuliogopa msako. Nilikuachia kichwani.

Hapa yuko mzee Porfiri, Mrusi aliyehamia huku zamani, anachapa vitabu vya Kirusi juu ya duka la fundi viatu. Amesema nikileta mashairi kabla ya majira ya joto, atayachapa. Bila kitabu hicho, mama mdogo, mimi hapa ni mtu anayedai kwamba kwao alikuwa mshairi. Watu wa namna hiyo Paris wanapanga foleni.

Fanya hivi. Niandikie kwa posta barua za kawaida, na katikati ya habari uwe unaingiza shairi bila kuvunja mistari, kama unaendelea tu na habari za kabichi. Msomaji wetu wa njiani, yule wa serikali anayefungua barua, hatashtuka. Tukitaka kuyataja tuseme "wapangaji". Usiogope kuyachanganya. Mistari yangu nitaijua hata ikivaa aproni.

Mwanao,
Fima


Leningrad, 12 Desemba 1974

Fima mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na aliyeileta ana viatu vya kusikitisha kwa theluji hii. Nimempa soksi za marehemu mjomba wako. Sisi wazima. Magoti yangu ndiyo yanayotabiri hali ya hewa siku hizi, na hayajakosea, tofauti na redio. Kazini, kwenye hamamu ya umma, wamenitoa dirisha la tiketi wakanipeleka chumba cha mashuka. Wanasema ni kwa ajili ya afya yangu. Sikujua kwamba afya yangu ilikuwa ikiwasumbua kiasi hicho.

Rimma Arkadyevna amepokea salamu zako. Ameuliza, "Amenisalimia mimi, au sufuria yangu?" Nikamwambia wote wawili.

Umeuliza habari za wapangaji. Wapo wote, hakuna aliyehama. Wanakaa bila kibali cha kuishi mjini, hawalipi kodi, na wanapenda kuongea ninapokunja mashuka. Wenzangu kazini wananiona midomo inachezacheza, wanadhani nasali. Mmoja ameniomba nimwombee mwanawe aliye jeshini. Nimemsomea lile la tramu iliyopotea, na kijana amepata likizo, sasa sijui nikuambie nini.

Juzi nilishuka hadi Neva kununua samaki. Mto wapita na giza, nani wa kuusikia. Daraja limenyanyuka, nusu yangu yabakia. Samaki wenyewe walikuwa wadogo. Nimefua pia vitambaa vya dirishani kabla ya mwaka mpya. Shati langu la harusi limekuwa pazia tu. Upepo ukilivaa, nyumbani tuko watatu. Rimma anasema nilipaswa kutia wanga. Sikutia.

Gleb? Hali ya hewa ni nzuri, baridi kavu.

Funga shingo. Ukungu si theluji, lakini nao unaua, ila kwa upole.

Mama yako mdogo,
Glafira

Baada ya kusaini: bahasha yako inayofuata usiipake gundi nyingi. Kuna wengine njiani watakaoiongeza.


Paris, 20 Januari 1975

Mama mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mimi mzima, nakula, kazi inaendelea.

Nilipofika penye samaki nilisimama katikati ya ngazi, yule mbwa akanisahau kwa mshangao. Habari za Neva na za pazia nimezisoma kwa sauti chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Nilikuwa nimezipoteza habari hizo kabisa. Ni kama mtu amekuletea mkono wako mwenyewe kwa posta, na bado una joto.

Mzee Porfiri amezipenda mno habari zako za nyumbani. Anauliza kama kwenu kuna habari nyingine. Tafadhali usinibanie. Andika ndefu. Andika mara kwa mara. Yale mengine hayana haja, nayajua: magoti, mashuka, Rimma na sufuria. Wapangaji, mama mdogo, wapangaji!

Gleb hajambo?

Fima


Leningrad, 3 Machi 1975

Fima mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Barua ya Februari niliiandika, naona haikufika, au imefika mahali pengine ikasomwa na watu wasiohusika na magoti yangu. Hairudiwi.

Umeniambia yale mengine hayana haja. Basi nitajitahidi kufupisha. Majirani zetu akina Ovchinnikov wamenunua friji, wameiweka ukumbini kwa kuwa chumbani haiingii, na wameifunga kufuli. Sasa ukumbi wetu una kitu kinachonguruma hata kukiwa hakuna mtu.

Theluji yakosa nia, yaanguka na kusita. Kama barua ya mjane, kwa jina isiyoita. Nimekuwa na kifua kidogo, nimelala. Mlango wetu sote ni mmoja: akina Ovchinnikov wakipata mgeni, ni kengele moja. Rimma akipata mgeni, ni mbili. Ikilia ya kwanza nanyanyua kichwa. Ikilia ya pili nashusha mguu. Kisha ukumbi unanyamaza, na mguu unabaki sakafuni. Sakafu ni baridi, lakini kuurudisha mguu kitandani ni kukubali. Meli zaenda bandari, mimi sina pa kwendea. Nimekuwa gati langu, najifunga najingojea. Maziwa yapo madukani, alhamdulillahi kama wanavyosema Watatari wa chumba cha mashuka.

Gleb? Theluji imeanza kulainika kidogo.

Wapangaji waliobaki si wengi. Nitakuletea wote, usinisukume.

Glafira


Paris, 28 Mei 1975

Mama mdogo,

Shikamoo! Nina haraka, nina furaha, nisamehe.

Wapangaji wote uliowatuma mwezi wa tatu na wa nne wamefika. Wamepata nyumba mpya, kurasa zinakauka juu ya duka la fundi viatu na zinanuka ngozi na wino. Wasomaji wa njiani wajue, sijali tena.

Sasa sikiliza. Lile la kengele! Nilikuwa nimelisahau kabisa, hata mstari wa kwanza sikuwa nao. Nadhani nililiandika kwako, msimu ule nilipolala jikoni kwako kwa kukosa chumba, ingawa sikumbuki nilikuwa nani hata nikaweza kuandika hivyo, bila kina, bila pambo, maneno makavu tu. Nimelivunja mistari, nimeondoa yale ya kifua. Nimeliweka mwisho wa kitabu. Mzee Porfiri alipofika penye mguu na sakafu alivua miwani akaifuta, akasema, "Kijana, mengine yote uliyaandika. Hili lilikupata."

Wiki jana nimelisoma ukumbini, mbele ya wazee wetu wa huku. Wote waliishi vyumba vya kengele, familia nyingi mlango mmoja, au mama zao waliishi huko. Hapakuwa na makofi. Mama mmoja alinyanyuka akatoka nje. Wanasema litasomwa kwenye redio inayorusha matangazo hadi kwenu.

Nina swali moja tu, ujibu upesi kabla chapa ya pili haijaanza: linaishia pale kweli? Naona kama limekatika. Naapa kuna ubeti mwingine. Jaribu kukumbuka, mama mdogo. Ni ubeti gani unaofuata?

Fima


Leningrad, 9 Julai 1975

Fima mwanangu,

Marahaba. Barua hii anaibeba yule binti wa soksi. Anarudi kwao. Kirusi amekijua, hata kutukana foleni anaweza, kwa hiyo serikali yake haikupoteza fedha.

Basi leo naweza kusema. Naanza na habari, hata kama umesema hazina haja, kwa sababu mimi nilifundishwa kwamba mtu haingii nyumbani kwa mtu kupitia dirishani.

Redio tuliisikia. Rimma alikuwa chumbani kwake, ameifunika kwa mto, ananing'ang'ania mkono: "Glafira Nikitichna, njoo, njoo, huyo si mpwa wako?" Tukaweka masikio kwenye mto kama madaktari wawili kwa mgonjwa mmoja. Mlio wa kuzuia matangazo ulikuwa unazomea, lakini wapangaji wako wanajua kupenya. Nikamsikia wa daraja. Nikamsikia wa pazia. Nililia kidogo, kwa adabu. Kisha mtangazaji akasema kwamba sasa anasoma shairi la mwisho, na kwamba wajuzi wanaliona kuwa bora kuliko yote.

Rimma akaruka. "Nimetajwa Paris!" Akajishika nywele akazitengeneza. Halafu akakaa kitandani taratibu, akaninong'oneza, "Glafira. Nimetajwa Paris?" Tangu siku ile ananiuliza kama wako Rimma wengine mjini wenye kengele mbili. Namwambia wamejaa.

Lakini baadaye akaniuliza jambo jingine. "Huyu Fima wako alijuaje? Hakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwepo. Mimi ndiye niliyekuingiza kwenye gari la wagonjwa."

Nikamwekea chai. Sijamwambia mpaka leo.

Unauliza ubeti unaofuata. Nitakupa, usivunje mistari. Kilikuwa si kifua kidogo, kilikuwa kichomi. Nililala siku nyingi kabla mtu hajajua, kwa sababu kengele tatu ni za chumba changu, na aliyezoea kuzipiga alikuwa wewe, na rafiki zako, na walioacha kupiga wewe ulipoondoka ni wote. Simlaumu mtu. Kupiga kengele tatu kwenye mlango wetu siku hizi ni kama kujiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya polisi. Gleb ni mzima, umeuliza mara nyingi. Nilikutana naye karibu na soko, akavuka barabara. Alivuka vizuri, akaangalia magari pande zote mbili, mama yake alimlea. Rimma alikuja kuazima chumvi akanikuta naongea na friji ya Ovchinnikov. Nikapelekwa hospitali. Nilirudi, nikakuandikia.

Nilikuandikia wewe, Fima. Halikuwa shairi. Nilikuwa nakuambia.

Nilificha kati ya wapangaji wako wawili, ndiyo, kwa sababu uliniambia yale mengine hayana haja, nami nikaona aibu kuyaleta peke yake. Nikasema kama yatapita karibu na mashairi, huenda nayo yatatazamwa. Nayo yakatazamwa kweli! Ukayatazama mpaka ukayaona ni yako. Ulisema utaijua mistari yako hata ikivaa aproni, na hapo nakusifu, umeijua. Ni aproni tu hukuijua.

Sikukasirika. Mwanzoni nilikasirika, nikakunja mashuka ya siku mbili kwa asubuhi moja, mkuu wangu akanisifia. Kisha nikafikiri: ulisoma "nimekuwa na kifua kidogo, nimelala", ukachukua kalamu, ukafuta. Nilijaribu kuuona mkono wako ukifuta. Nikaona mkono wa mtu ambaye hana mtu wa kumuuliza "umeamkaje". Sasa nami nakuuliza, na sitaki habari ya ukungu. Fima, unaandika huko? Katika barua zako zote hujanitajia mpangaji mmoja mpya. Wewe ulikuwa huwezi kumaliza supu bila kunisomea kitu. Kazi inayohusu uandishi ni kazi gani?

Kitabu kiache kama kilivyo. Usiandike jina langu popote, hata kwa shukrani. Jina langu likichapwa Paris, kengele zitalia kweli, tena si za wageni ninaowataka. Acha wajuzi wafurahi.

Wapangaji wako wamekwisha, wote nimekukabidhi. Usiku wa kwanza baada ya kumtuma wa mwisho nilidhani nitapumua. Badala yake kichwa kimekuwa kama nyumba siku ile ya kuhama, unapita na sauti yako mwenyewe inakufuata vyumbani.

Mama yako mdogo,
Glafira Nikitichna


Paris, 2 Septemba 1975

Mama mdogo Glafira,

Shikamoo. Umeamkaje?

Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana, kwa kuwa kila nikianza naona inageuka kuwa nzuri. Hii nitaiacha ilivyo.

Kazi yangu inayohusu uandishi ni kubandika karatasi za majina kwenye chupa za dawa ya kikohozi. Jina la dawa limeshachapwa, mimi nabandika. Nikipinda, msimamizi ananiita "mshairi", bila kujua. Chakula napata, lakini nakula nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu kunachukua muda mrefu sana. Tangu nimefika sijaandika mstari hata mmoja. Ndiyo sababu nilipoukuta ule wako sikuuliza umetoka wapi. Mtu mwenye njaa hasomi jina lililo mlangoni.

Jumapili iliyopita waliniita tena ukumbini. Wakataka lile la mwisho. Nikasimama nikawaambia, "Hilo si langu." Wakacheka kwa upendo. Mzee mmoja akasema, "Unyenyekevu wa Kirusi!" Wakapiga makofi mengi kuliko ambayo wangepiga kama ningelisoma. Nikakaa. Hapakuwa na namna ya kuwaeleza bila kukutaja, kwa hiyo nimekaa nalo, na nitaendelea kukaa nalo. Chapa ya pili nimemwomba mzee Porfiri aisimamishe. Amekasirika, haniamkii.

Rimma Arkadyevna mwambie ahsante. Si kwa salamu. Kwa chumvi.

Kichomi kimepona kweli, au umenyamaza tena? Unakohoa asubuhi, au ukilala? Nani anakupandishia viazi, na magoti hayo? Chumba cha mashuka kina dirisha? Wale Watatari wanaitwa nani, wanakuletea chai, mnacheka nini? Mkuu wako ana tabia gani? Friji ya Ovchinnikov bado inanguruma? Ulikula nini leo, na ulikula na nani?

Usinitafutie mpangaji, hata ukikumbuka mmoja aliyejificha. Niandikie hayo mengine, yote, kwa urefu wowote, yakiwa na tope lake. Barua yako ikija nitakaa chini kwanza. Sina kazi nayo nyingine, ila kuisoma.

Mwanao,
Fima